Msuli Usiokuwa Kitabuni

Kutaisi, Februari. Theluji inayeyuka hewani
na kufika dirishani ikiwa maji tu.
Tsiala amelala nusukaputi, mkono wa kushoto
umenyooshwa juu ya ubao, kiganja wazi,
kama anayesubiri chenji sokoni.

Mimi ndiye nimpaye Nanuli mkasi na koleo.
Nahesabu pamba: kumi na mbili zimeingia,
kumi na mbili lazima zitoke.
Hiyo ndiyo kazi yangu. Kuona si kazi yangu,
lakini naona.

Anapasua kwapa, vidole vinne vya ngozi,
mahali tunapopataja kwa kejeli na harufu,
mahali pa kubania gazeti, mkate, kuku wa mnada.
Ndani: mafuta ya manjano, na humo
anasaka mtoki mmoja tuliotia rangi ya samawati,
mlinzi wa kwanza langoni.
Mlinzi akiwa safi, huenda nyumba nzima ni safi.

Kuna alama ambayo kila mwanafunzi huapa kwayo:
msuli mpana wa mgongo, ukingo wake mweupe.
Ushike, panda nao, utaiona vena.
Nanuli anaushika. Anapanda nao.
Koleo linasita.

Ukingo haupandi. Unakata kona.
Unavuka mbele, mwekundu, upana wa kidole cha mwisho,
unapita juu ya vena kama daraja juu ya Rioni
lililojengwa usiku bila kibali cha manispaa,
kisha unajishikiza nyuma ya msuli wa kifua.

"Nini hicho?" anauliza Vazha, msaidizi. "Sijakisoma."

Nanuli hajibu, nami najua yuko wapi.
Yuko kwa Eteri (badili herufi moja, uipate ateri),
mpishi wa shule kule Tskaltubo,
miaka kumi na moja iliyopita, taa hii hii.
Siku ile aliuona utepe kama huu akauita ukingo,
akaufuata, akasafisha yaliyo mbele yake,
akafunga. Cheti kikasema: safi.
Pamba zangu zilitimia zote kumi na mbili.
Masika ya pili Eteri alirudi,
na kwapani uvimbe mgumu, sawa na jozi,
nyuma ya pale tulipokomea.

"Ni upinde," Nanuli anasema hatimaye.
"Baadhi ya watu huzaliwa nao, wengi hufa bila kujua.
Husemekana ni masalia ya ile nyama
ambayo farasi hutikisia ngozi kufukuza nzi.
Usiuamini. Tafuta ukingo wa kweli nyuma yake."
Kisha kwangu, kwa sauti ya chini: "Mkasi."

Kata moja. Upinde unajikunja pande mbili
kama pazia lililokatwa kamba,
na pale, kivulini, chini ya daraja,
mtoki wa samawati, mdogo kuliko harage,
na mwenzake, asiye na rangi, amejibanza.
Tunawachukua wote wawili.
Vena inapumua, pana, bila mzigo.

Jioni Tsiala anaamka, midomo mikavu.
Nanuli anamchorea nyuma ya bahasha:
mgongo huku, kifua kule, utepe katikati.
Anautazama mchoro kwa muda mrefu.
"Nilipofunga mizabibu," anasema, "mikono juu,
huu wa kushoto ulikuwa ukivimba, ukifa ganzi,
ukigeuka rangi ya zabibu zenyewe.
Mama mkwe aliniita mvivu
miaka ishirini na miwili."

Anaikunja bahasha, anaitia chini ya mto.
"Yu hai bado," anasema. "Nitampelekea."

Majibu ya mitoki yatatoka Alhamisi.
Nanuli amesimama korido, koti halijavuliwa,
anaandika kwenye faili kwa kalamu nyekundu:
upinde, kushoto. Kulia hakujulikani.
Anapiga mstari chini ya neno la mwisho.
Kisha mwingine.